Danio, kipofu wa pangoni, medaka au burtoni wetu wa Kigoma: uchague samaki yupi kusomea jeni na umetaboli?

Kuna kijana mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma mjini, yupo kwenye masters yake, juzi kaja kaniuliza "dada, nataka kusoma jeni zinavyobadilisha umetaboli wa samaki, nichukue samaki gani?" na kabla sijajibu kashatoa simu ananionyesha picha za zebrafishi, yaani keshapenda tayari, manake kila anachofungua kusoma ni zebrafishi tu. Huyo ni wa nne kuniuliza hilo swali ndo maana nimeona niliandike kabisa liishe. Mi nimelea samaki wa maabara miaka kadhaa, kuosha matangi, kulisha, kupima, kuokota waliokufa asubuhi, kwa hiyo humu kuna vya kusoma na kuna vya kushika kwa mkono.

Umetaboli kwa lugha ya jikoni ni hivi: chakula kimeingia, mwili unachoma kiasi gani, unaweka akiba kiasi gani, na moto wenyewe unawaka kwa kasi gani. Ukiwapa samaki wawili chakula kilekile kwenye maji yaleyale, mmoja akanenepa mwingine akabaki kama kijiti, hapo unaanza kuhisi kuna kitu kwenye jeni. Shida iko kwenye hayo maneno mawili, "kilekile" na "yaleyale", hapo ndo utafiti wa watu wengi unafia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna sehemu nilifanya kazi zamani tulikuwa na tilapia wa mbegu mbili tofauti, tunapima uzito kila wiki, mbegu moja inapaa nyingine imelala. Tukafurahi, mwenzetu mmoja akaanza hadi kuandika ripoti. Siku moja mchana mama anayetufanyia usafi akaniuliza "hivi mbona maji ya huku yana uvuguvugu?" Nikatia mkono, kweli. Matangi ya ile mbegu inayopaa yalikaa upande wa dirisha la magharibi, jua la saa tisa linapiga pale mpaka jioni, kipimajoto kikasoma 29 na upande wa pili 25. Sasa samaki mwili wake unafuata joto la maji, maji yakipanda nyuzi 10 moto wake wa ndani unapanda mara 2 hadi 3, kwa hiyo hata nyuzi 4 si mchezo. Tukahamisha samaki, wa huku kule wa kule huku, na baada ya wiki kadhaa ile "tofauti ya jeni" ilikuwa imebaki palepale dirishani na samaki wengine kabisa. Ripoti iliishia droo.

Kwa hiyo mi nikilinganisha samaki siangalii nani maarufu. Naangalia vitu viwili: tofauti ya jeni kwa huyu samaki imekaa wapi (kati ya mbegu na mbegu, ndani ya mbegu, au unaitengeneza mwenyewe), na je, kwa mazingira yako unaweza kuyashika mengine yote yasitikisike.

Danio wa milia

Huyu ndo zebrafishi, Danio rerio. Kwao India, Bangladesh na Nepal huko, kwenye vijito na mashamba ya mpunga, ila umaarufu kaupatia Oregon, Marekani, ambako George Streisinger alimfuga kwa ajili ya jenetiki na mwaka 1981 akatoa ile kazi yake ya danio waliozaliwa bila jeni za baba. Sifa zake ni kweli siyo maneno tu: anakomaa kwa miezi 3 hivi, jike mmoja anaweza kukupa mayai mia na zaidi kwa wiki, mtoto ndani ya yai unamuona kama yupo kwenye glasi, na siku kama 5 za mwanzo anaishi kwa kiini cha yai, hata kumlisha hulishi. Jenomu yake, yaani kitabu kizima cha jeni zake, ilichapishwa 2013, jeni zaidi ya 26,000 za kutengeneza protini, na karibu 70% ya jeni za binadamu zina ndugu yake kwa danio. Kama swali lako ni "jeni moja hii nikiizima, mafuta yanaendaje, sukari inaendaje", hakuna samaki mwenye vifaa vingi kumzidi.

Ila sasa. Watu wanasikia mbegu za danio, kuna AB, kuna Tübingen, kuna WIK yenye asili ya danio wa mwituni India, wanadhani kila mbegu ni kama fotokopi. AB yenyewe ilianzia kwa samaki wa duka la mapambo mjini Albany kulekule Oregon. Danio ukimzalisha ndugu kwa ndugu vizazi vingi anadhoofu, mayai yanaharibika, kwa hiyo maabara zinawaacha wachanganyike kiasi, matokeo yake AB wa maabara hii na AB wa maabara ile ni kama kina Juma wawili, jina moja wazazi tofauti. Ndani ya tangi moja la AB kuna tofauti za jeni nyingi tu. Ukilinganisha AB na Tübingen kwa samaki 10 na 10 kutoka tangi moja moja, hujalinganisha mbegu, umelinganisha familia mbili.

Kitu kingine ambacho wanafunzi hukisahau, babu wa zamani sana wa hawa samaki jenomu yake ilijirudia nzima, kwa hiyo jeni nyingi ambazo sisi tunayo moja danio anazo mbili. Insulini mbili, risepta za insulini (yaani mlango wa seli unaoipokea) mbili, leptini (homoni inayoupa ubongo habari za akiba ya mafuta) mbili. Unazima moja, mwenzake anashika zamu, unaandika "hakuna athari" kumbe athari imefichwa.

Na leptini ndo mfano mzuri wa kutomfanya samaki awe panya mdogo mwenye mapezi. Panya asiye na leptini anakuwa mnene kama gunia. Danio walioharibiwa risepta ya leptini, kazi iliyotoka 2016, hawakunenepa hivyo, kilichoyumba ni mambo ya sukari na seli za kutengeneza insulini. Jeni ileile, mnyama mwingine, kazi nyingine.

Halafu kuna hili la jinsia ambalo linachekesha ila linauma: vifaranga wa danio wakibanana au wakikosa chakula cha kutosha wengi wanaishia kuwa madume. Majike wana mayai, mayai ni mafuta, kwa hiyo tangi moja ukililisha vibaya udogoni, ukubwani utapima "wembamba" ambao ni udume tu.

Kwa Kigoma sasa: danio wa maabara anakaa kwenye nyuzi 28.5, maji ya pH (kipimo cha ukali wa maji) 7 na kidogo. Maji ya ziwa letu pH yake inacheza kwenye 9. Utahitaji kutengeneza maji yako, kuyapasha usiku, na chakula cha vifaranga cha artemia, vidudu vidogo vya maji ya chumvi, ambacho mayai yake mengi yanatoka Great Salt Lake huko Utah, kopo moja likifika huku mwisho wa reli bei yake unakaa chini kwanza.

Kipofu wa pangoni

Huyu nampenda kuliko wote na huyu simshauri mtu amfuge hapa. Astyanax mexicanus, wa Meksiko. Wapo wa mtoni wenye macho na rangi, na wapo wa mapangoni kwenye milima ya Sierra de El Abra na ya jirani, mapango kama 30, vipofu, weupe wa waridi. Ni spishi moja, ukimchukua wa mtoni ukamweka na wa pangoni wanazaa na watoto wanazaa. Unaona utamu wake? Tofauti kubwa kabisa ya umetaboli, halafu bado unaweza kuwachanganya, ukapima wajukuu, ukaona tabia ipi inatembea na kipande kipi cha jenomu. Kwa samaki wa spishi mbili tofauti hilo mara nyingi haliwezekani.

Pangoni hakuna jua, hakuna mwani, chakula kinaingia na mafuriko na kinyesi cha popo, afu miezi inapita hakuna kitu. Kwa hiyo samaki aliyebaki ni yule anayekula kama hataona kesho, anajaza mafuta, anabana matumizi. Mwaka 2015 watafiti walionyesha baadhi ya mapango yana samaki wenye hitilafu kwenye jeni ya mc4r, ile inayoambia ubongo "umeshiba". Kwa binadamu jeni hiyohiyo ikiharibika ni moja ya sababu zinazojulikana zaidi za unene wa kurithi. Mwaka 2018 ikatoka kubwa zaidi, samaki wa mapango ya Pachón na Tinaja wana badiliko kwenye risepta ya insulini, insulini inagonga mlango haufunguki vizuri, sukari ya damu iko juu. Badiliko hilo kwa binadamu linaleta ugonjwa mkali. Yule samaki je? Hana dalili za uharibifu tunaoutegemea kwa mwenye kisukari, anaishi umri uleule na mwenzake wa mtoni. Wakachukua badiliko lile wakalipandikiza kwa danio kwa CRISPR, ule mkasi wa kukatia jeni, danio naye akawa sugu kwa insulini na uzito ukaongezeka. Hapo ndo unaona kazi za hawa wawili zinavyopokezana, wa pangoni anakuambia uangalie wapi, danio anakuthibitishia.

Pango la Molino nalo lina vipofu ila badiliko la risepta ya insulini hawana. Yaani kila pango lina njia yake ya kuishi na njaa, usije ukaandika "samaki wa pangoni" kama vile ni mtu mmoja.

Na macho? Mwaka 2015 walipima gharama ya kuona, kwa samaki mdogo wa gramu 1 macho na sehemu ya ubongo inayoyahudumia vinakula kama 15% ya matumizi ya mwili ukiwa umetulia, kwa mkubwa wa gramu 8.5 inashuka mpaka 5%. Kwenye giza, kuyaacha ni kama kuzima friji usiyoitumia. Kabla ya hapo, 2014, walishaonyesha wa pangoni hapandishi na kushusha moto wake kufuata mchana na usiku kama wa mtoni, na kwa hilo tu anaokoa kama 27% ya nishati.

Kwa nini basi simshauri? Anachelewa kukomaa, yaani masters yako inaisha bado hujapata wajukuu wa kupima. Anataka joto la chini kidogo, kwa hapa unapoza maji badala ya kupasha, na kupoza nako kunakula umeme. Na kumleta ni kibali juu ya kibali, sawasawa kabisa, kwa sababu hatutaki samaki mgeni ambaye kazi yake duniani ni kustahimili njaa achomoke aingie Ziwa Tanganyika. Soma kazi zake, nakili maswali yake, samaki muache Meksiko.

Medaka na yule wa dimbwi

Medaka (Oryzias latipes) wa Japani nitapita haraka siyo kwamba hafai. Huyu ndo samaki ambaye mbegu zake ni mbegu kweli, anavumilia kuzalishwa ndugu kwa ndugu, kwa hiyo kuna mistari kama Hd-rR ambayo samaki wake wanafanana karibu kabisa, na 2022 lilitangazwa kundi la mistari 80 iliyotokana na medaka wa porini wa sehemu moja, Kiyosu. Jenomu ilitoka 2007. Kama swali lako ni "kiasi gani cha tofauti hii ni urithi na kiasi gani ni chakula", medaka ndo jibu safi, unachukua mstari huohuo unaulisha vyakula viwili, unachukua mistari 20 unailisha chakula kimoja, basi. Anavumilia baridi na joto sana pia. Ila mistari hiyo iko Japani na Ujerumani, haiko sokoni Kibirizi.

Wa dimbwi ni Nothobranchius furzeri, wa Zimbabwe na Msumbiji, anaishi kwenye madimbwi ya mvua yanayokauka. Mbegu ya GRZ ikifugwa maabara inaishi miezi 3 mpaka 4 tu, mbegu nyingine zilizotoka Msumbiji zinaishi zaidi, kwa hiyo wanaosoma uzee na umetaboli wanampenda sana. Mayai yake yanalala kwenye tope kavu miezi. Kwa mwanafunzi asiye na muda ni kishawishi, unaona maisha mazima kabla semista mbili hazijaisha. Lakini mtu akiniambia anasoma "umetaboli" na samaki anayezeeka wiki kwa wiki, namuuliza: unapima jeni au unapima umri? Samaki wa wiki 8 na wa wiki 12 kwa huyu siyo rika moja, ukichelewa kupima kundi la pili kwa sababu ya msiba au mafua, umeharibu.

Tilapia

Huyu kila mtu anamjua na ndo maana watu wanamdharau. Jenomu ya Oreochromis niloticus ilitoka 2014, chakula chake kinapatikana, vifaa vya kumzalisha vipo kwa kila mfugaji, na kuna mbegu zilizochaguliwa kwa ukuaji, maarufu ni GIFT iliyoanza 1988 Ufilipino kwa kuchanganya samaki waliotoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali pamoja na waliokuwa tayari wanafugwa kule. Ukitaka tofauti ya jeni ambayo ina maana kwa mfugaji, kwamba kilo ya chakula inatoa nyama kiasi gani, hii ndo njia.

Kinachonizuia ni uzazi wake. Tilapia wanachanganyika spishi kwa spishi kirahisi mno, na sisi huku tuna ngege wetu wa ziwani, Oreochromis tanganicae, na bonde la Malagarasi lina wake, Oreochromis malagarasi, hawapatikani kwingine. Mbegu ya nje ikivuka ukuta wa bwawa lako siku ya mvua kubwa hairudi. Kama utamtumia tilapia, tumia ambao tayari wako kwenye bonde letu na usimlete kifaranga kwa sababu tu bei ni nzuri.

Burtoni, jirani yetu

Nimemwacha huyu mpaka hapa makusudi kwa sababu kijana hakumtaja kabisa na yuko mita mia chache kutoka kwao. Astatotilapia burtoni, kapewa jina la Richard Burton yule aliyefika Ujiji na Speke mwaka 1858. Ni wale wadogo wa majini karibu na ufukwe na midomo ya mito, dume ana madoa ya rangi ya chungwa kama mayai kwenye pezi la chini karibu na mkia. Watoto wa Katonga wanawakamata kwa chandarua wanacheza nao, huku Stanford huko Marekani maabara imekaa naye miongo, na jenomu yake imo kwenye ileile kazi ya 2014, zilitoka tano pamoja: tilapia, burtoni, Neolamprologus brichardi ambaye naye ni wa Tanganyika, mmoja wa Ziwa Nyasa, na Pundamilia nyererei wa Ziwa Viktoria, ndiyo, kapewa jina la Mwalimu. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Basel, Uswisi, likatoa jenomu za karibu spishi zote za sikilidi (ukoo wa kina tilapia na burtoni) wa ziwa hili, kama 240. Yaani kitabu cha jeni za samaki wa mlangoni kwako kimeshaandikwa, kilichobaki ni mtu wa huku kukisoma akiwa na samaki hai mkononi.

Kwa umetaboli burtoni ana zawadi moja ambayo danio hana. Jike akishataga anabeba mayai na watoto mdomoni kama wiki 2, na muda wote huo hali. Mama anafunga, mwili unajila taratibu, halafu anatema watoto anaanza upya. Mpime uzito siku anapobeba na siku anapotema, utaona majike wa familia moja wanapungua kidogo na wa familia nyingine wanaisha kabisa. Au hutaona, lakini hilo ndo swali zuri, na hujalazimisha njaa kwa mnyama, anaifanya mwenyewe.

Sasa ubaya wake, manake nikisifia tu mtasema nauza samaki. Dume wa burtoni ana cheo. Akiwa mwenye mtaa anang'aa, ana mstari mweusi usoni, anafukuza watu, anazaa, akipinduliwa anafifia rangi anafanana na jike, na mabadiliko ya rangi yanaanza ndani ya dakika. Homoni zinafuata, ukuaji nao unafuata. Kwa hiyo kwenye tangi moja una ndugu wawili wa jeni karibu sawa wenye umetaboli tofauti kwa sababu ya siasa tu. Ukitaka kupima jeni, chukua wadogo ambao bado hawajaanza vyeo, au majike wasiobeba, au mpime dume baada ya kumkalisha na wenzake kwa mpangilio uleule kila mara.

Pia usije ukashawishika kulinganisha spishi na spishi kwa sababu tunazo nyingi. Wala mwani kama Tropheus wana utumbo mrefu, wala samaki wana mfupi, na wanaofuga Tropheus wanajua ukimpa chakula cha nyama sana anavimba tumbo anakufa. Ni hadithi tamu ila tofauti hizo zimejikusanya muda mrefu sana na huwezi kunyoosha kidole kwenye jeni moja. Kaa ndani ya spishi moja.

Namna ya kufanya nilimwelekeza hivi: dume 1 na majike 5 kwenye tangi moja, baba unamjua. Jike akitema watoto, unawagawa, wengine tangi A wengine B wengine C, na kila tangi liwe na watoto wa kila mama. Kipande kidogo cha pezi kwenye spiriti ndo kitakuambia baadaye nani wa nani. Rudia kwa madume 6 au 8. Hapo hata kama tangi moja liko dirishani, familia zote zimo humo zinateseka pamoja.

Kupima moto wenyewe huhitaji mashine ya mamilioni. Chupa ya kioo ya lita 1 yenye mfuniko unaoziba, mita ya oksijeni, na subira. Samaki asile saa 24 kabla, kwa sababu kusaga chakula kwenyewe kunakula oksijeni. Muweke chupani na maji yanayopita masaa kadhaa atulie, ukimtupia tu na kupima hapohapo unapima hofu. Kwa mwinuko wetu huku maji ya nyuzi 26 yakishiba hewa yana kama miligramu 7.4 kwa lita, usitafute 8 ukaona mita mbovu. Tuseme una burtoni wa gramu 5, unaziba mita inasoma 7.2, baada ya saa 1 inasoma 6.2. Katumia miligramu 1, gawa kwa kilo 0.005, ni 200 kwa kilo kwa saa. Afu kuna chupa ya pili haina samaki, hiyo wengi wanairuka, na humo imeshuka 0.1 kwa sababu ya bakteria, kwa hiyo jibu la kweli ni 180. Usiache ishuke chini ya 5, samaki anaanza kupata shida na unapima kitu kingine. Na usimlinganishe wa gramu 2 na wa gramu 8 kwa hiyo namba, mdogo siku zote anachoma zaidi kwa kila gramu, weka uzito kwenye hesabu.

Sukari ya damu ukitaka, kile kimashine cha kuchoma kidole cha duka la dawa kinafanya kazi hata kwa samaki, watafiti wa danio na wa pangoni wamekitumia, ila samaki mdogo ukimtoa damu ya kutosha huyo ndo mwisho wake, kwa hiyo panga idadi tangu mwanzo na uwe na ruhusa ya kamati ya maadili.

Chakula sasa, na hapa ndo Kigoma inakuja na vituko vyake. Wengi tunasaga dagaa kuchanganya na pumba. Dagaa wa giza na dagaa walionunuliwa kwenye mbalamwezi, wakati wavuvi wamepumzika na zilizopo sokoni ni za zamani, siyo chakula kimoja, mafuta yake yameshabadilika harufu unaisikia. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, aliyekuwa katikati ya jaribio akitegemea dagaa wa wiki kwa wiki alikwama katikati. Nunua zote siku moja, saga zote siku moja, gawa kwenye mifuko ya wiki, friza. Na umeme ukikatika fungua friza mara moja tu, siyo kila nusu saa kuchungulia.

Kwa hiyo kama una mkataba na maabara ya nje na swali lako ni jeni moja, danio. Kama unataka kugawanya urithi na chakula kwa usafi na mtu anakulipia safari, medaka. Kama hujui uanzie wapi kufikiri, soma wa pangoni mpaka usiku wa manane. Ila kama uko Mwanga, una chumba kimoja, mapipa ya maji ya ziwa na miezi 18, mi nakuambia burtoni na sitabadilisha.

Kijana alinisikiliza, akaguna, akasema prof wake anataka zebrafishi kwa sababu ndo majarida yanachukua. Nikamwambia sawa, mpeleke prof kwenye maji ya magoti Katonga jioni moja amuone jike amejaza mdomo. Jumapili kanitumia picha, beseni la bluu, majike 3 na dume mmoja mwenye hasira, na kauliza chupa za lita 1 zenye mfuniko wa kuziba zinapatikana duka gani. Hakuna duka. Aende kwa mama wanaouza asali ya Kibondo, wanazo, aoshe mara tatu.